Kuja Saimaa, Finland: njoo Julai uone, rudi Novemba ndo uamue kuhamia

Kila mwaka ikifika mwezi wa saba nikiweka picha za ziwa kwenye status simu haipumui, "hee hapo ni wapi, na mimi nifanyie mpango nije", halafu ikifika mwezi wa kumi na moja hakuna anayeuliza kitu. Sasa nimeona niandike yote kwa mara moja, nikiulizwa tena natuma hii. Mimi mtu wa Mwanza, huku nina miaka saba, nakaa kijijini nje kidogo ya Savonlinna na kazi yangu ni kuhudumia wazee, kwa hiyo haya ni ya mtu anayelipa bili za huku, sio ya mtalii wa wiki moja.

Kwanza ujue unakokuja. Finland wanasema ina maziwa kama 188,000, ukihesabu mpaka vile vidimbwi vyenye zaidi ya mita za mraba 500, na kubwa kuliko yote ndo hili Saimaa, kama kilomita za mraba 4,400 hivi. Sisi tuliokulia Victoria tukisikia 4,400 tunacheka kimoyomoyo. Ila Saimaa usiliwaze kama beseni moja, ni kama mtu kamwaga maji juu ya msitu yakajipenyeza kila uwazi, visiwa kwa maelfu, na karibu kila ukisimama ng'ambo unaiona, ina misonobari na kijumba kimoja chenye moshi. Miji ni midogo, Savonlinna yenyewe ina watu kama elfu thelathini tu, Puumala elfu mbili na ushee. Ukitoka Kariakoo ukashushwa Puumala jioni ya Jumapili utahisi watu wote wamehamishwa wewe hukuambiwa.

Hatua ya kwanza: viza

Kwa kutembea unaomba viza ya Schengen, inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Mtu mzima analipa euro 90 na ukinyimwa hairudi. Mwisho wa kuomba ni siku 15 kabla ya safari na mapema kabisa ni miezi sita kabla, ila wewe omba miezi mitatu kabla maana nafasi za kwenda kuweka alama za vidole watu wa kiangazi wanazigombania. Bima ya safari iwe ya kufika euro 30,000, hiyo hawana mjadala nayo. Mambo ya ofisi ipi inapokea fomu za nchi yako soma kwenye ukurasa wa ubalozi wa Finland wenyewe, usimsikilize mtu wa vibanda vya stesheneri.

Kinachoangusha wengi wetu sio uchache wa hela, ni hela isiyoeleweka. Binamu yangu mara ya kwanza alinyimwa, ukiangalia statement yake ya benki akaunti ilikuwa imelala miezi mitano haina kitu halafu Jumatatu ikaingia milioni saba kwa mkupuo, Jumatano yake akapeleka fomu. Nani ataamini? Mara ya pili tukaweka statement ya miezi sita, mshahara unaingia unatoka unaingia unatoka kama wa binadamu wa kawaida, barua ya mwajiri inasema likizo inaanza lini na anarudi kazini lini, na barua yangu mimi mwenyeji wake yenye anwani na picha ya kibali changu. Akapata.

Hatua ya pili: kufika

Ndege utashuka Helsinki. Hapa wageni wengi wanapoteza muda na hela kwa kwenda mjini kati kwanza kupanda treni. Usiende. Panda treni ya pale pale chini ya uwanja wa ndege mpaka stesheni ya Tikkurila, ni dakika chache tu, na treni za kwenda mashariki zinasimama hapo. Unachukua ya kuelekea Joensuu, unashuka Parikkala, unahamia kitreni kidogo cha behewa moja kinachoenda Savonlinna. Jumla saa nne na kitu. Tiketi ukinunua wiki mbili tatu kabla inakuwa rahisi kabisa kuliko ukinunua siku ile ile.

Hicho kitreni kidogo usilale ndani yake tafadhali. Kinapita Punkaharju, ni tuta jembamba refu lililoachwa na barafu ya zamani za kale, maji kulia maji kushoto, unapita juu yake katikati ya misonobari mirefu kama nguzo za msikiti. Mama yangu alipokuja kunitembelea hapo ndo alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu tutoke Helsinki.

Angalizo moja, Parikkala na maeneo ya jirani yako karibu na Urusi, na mpaka wa nchi kavu wa Finland na Urusi umefungwa tangu mwishoni mwa 2023. Kuna ukanda wa mpakani ambao huruhusiwi kuingia bila kibali, umewekewa alama za manjano. Ukiziona geuza, hata kama ramani ya simu inasema nyooka. Hapo hakuna cha "nilikuwa napiga picha tu".

Hatua ya tatu: ukishafika ufanye nini

Kodi mökki. Ndo nyumba ya shambani pembezoni mwa ziwa, Wafini wana karibu nusu milioni za hizo. Soma tangazo vizuri maana kuna mökki yenye kila kitu kama hoteli na kuna mökki ambayo maji unachota ziwani kwa ndoo na choo ni huussi, yaani choo cha nje kisicho na maji, ukimaliza unamwagia kijiko cha mboji kavu. Kwa aliyekulia kijijini kwetu hiyo huussi sio habari, lakini binamu yangu wa Mikocheni alinuna siku mbili nzima. Na ukipangia Julai ujue mwezi huo Savonlinna kuna tamasha la opera ndani ya ngome ya Olavinlinna, ngome ya mwaka 1475 inayokaa kwenye mwamba katikati ya maji, bei za vyumba mjini zinapaa, hivyo lala Rantasalmi au Punkaharju uje mjini mchana. Ngome yenyewe uione hata kama opera sio yako, mimi sio yangu.

Sauna. Huwezi kuja huku ukakwepa sauna, nchi ya watu milioni tano na nusu ina sauna kama milioni tatu. Utaratibu ni huu: unaoga kwanza, unaingia ukiwa uchi au na taulo, wanaume na wanawake kwa kawaida wanaingia mbalimbali isipokuwa familia, ukiwa na aibu sema tu utavaa nguo ya kuogelea hakuna atakayekasirika. Unakaa benchi la chini, nasisitiza LA CHINI, la juu waachie wenyewe. Kwenye jiko kuna mawe, mtu anachota maji kwa kata anamwagia, inatoka sauti kama mafuta yakipokea kitunguu halafu kimya, unahesabu moja, mbili, halafu ule mvuke unakushukia masikioni na mabegani kama blanketi lililotoka kwenye oveni. Huo mvuke wanauita löyly. Mara yangu ya kwanza nilijikaza kiume karibu na mzee wa miaka themanini, yeye anasimulia habari za samaki, mimi naona nyota. Ukizidiwa toka, kaa nje, kunywa maji, hakuna shindano. Kisha unaingia ziwani. Na hapa sisi wa kanda ya ziwa tuna ugonjwa wa kuuliza, kuna mamba? Hakuna. Kiboko? Hakuna. Kichocho? Hakuna. Miaka miwili nilikuwa naingia maji mpaka magotini tu kwa mazoea ya nyumbani. Kitu cha kuangalia ni sinilevä, ule utando wa kijani unaotokea joto likikolea, ukiona maji yana kama rangi ya ukutani imemwagika usioge na mtoto asinywe.

Chakula nenda sokoni pale Savonlinna kando ya maji, kauppatori, ule muikku. Ni samaki wadogo, wakubwa kuliko dagaa wetu lakini ukoo wa roho ni mmoja, wanagaragazwa kwenye unga wa rai na chumvi wanakaangwa na siagi kwenye kikaango kikubwa cha chuma mpaka mkia unakuwa kama chipsi, unamla mzima mzima na kichwa mara nyingine wanakuwa wameshatoa. Omba limao. Pilipili utaleta mwenyewe mfukoni, mimi natembea nayo. Halafu kuna lörtsy, ni kama sambusa iliyolala, umbo la nusu mwezi, ya nyama au ya tofaa, ya nyama ndo ya kula.

Msitu ni wa wote. Hii ndo sheria niliyoipenda kuliko zote, jokamiehenoikeudet. Hata mgeni wa viza unaruhusiwa kutembea kwenye msitu wa mtu usiyemjua, kuchuma matunda ya porini na uyoga, kupiga hema usiku mmoja mbili, kuogelea, kupiga kasia. Mustikka, vile vitunda vya bluu vinavyopaka ulimi wino, vinaiva kuanzia mwisho wa Julai, puolukka nyekundu Septemba. Kuvua kwa fito na uzi na chambo ni bure, kuvua kwenye tundu la barafu bure pia. Lakini fimbo yenye rili kwa mtu mzima inalipiwa ada ya serikali inayoitwa kalastonhoitomaksu, na nyavu ni mpaka upate ruhusa ya mwenye eneo la maji. Na kuna kipindi, 15 Aprili mpaka 30 Juni, nyavu zimepigwa marufuku sehemu kubwa ya ziwa kwa ajili ya norppa, sili wa Saimaa ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani, wamebaki karibu 500 tu na watoto wao wananasa nyavuni wanakufa. Mwezi wa tano ukibahatika utamwona amejilaza juu ya jiwe kama gunia la mkaa. Kaa mbali, usimfuate na boti.

Usichoruhusiwa: kuingia uwani kwa mtu, kukata mti, na kuwasha moto bila ruhusa ya mwenye ardhi. Mbuga ya Linnansaari ina sehemu maalum za kuwashia moto na kuni zimeshapangwa, tumia hizo, ila likitolewa tangazo la hatari ya moto msituni zima kila kitu. Mbu ni wengi na hawana malaria. Kupe ndo wabaya, ukitoka msituni jikague mpaka nyuma ya magoti.

Hatua ya nne: rudi Novemba

Hii watu hawanielewi. Umekuja Julai, jua linazama karibu saa tano usiku, linachomoza saa tisa na nusu, ziwa limetulia kama kioo, umekula muikku, umeshaanza kumwambia mwenzio "tuuze kile kiwanja tuhamie". Ngoja kwanza. Njoo Novemba wiki mbili, au kama viza na nauli ya pili ni mzigo basi angalau ongea na mtu aliyekaa huku majira ya baridi matatu. Novemba theluji bado haijatulia, barabara ni nyeusi, mti mweusi, maji meusi, mvua ya kinyunyu inakupiga ubavuni, basi la kijijini linapita mara mbili kwa siku na wikiendi halipiti. Desemba jua linatoka karibu saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa alasiri limeshakwenda zake. Ajabu ni kwamba Februari inakuwa nzuri, baridi inashuka hata kufika hasi 25 lakini anga ni bluu na theluji inamulika, mimi Februari siilalamikii. Ni Novemba inayorudisha watu kwao. Kunywa vitamini D kila siku, huku sio mbwembwe.

Ukiona Novemba na bado unataka, endelea kusoma.

Hatua ya tano: chagua njia ya kuingilia

Milango ni michache. Kazi, masomo, familia, basi, na kazi za msimu kama kuchuma mansikka, yaani stroberi, kwenye mashamba ya kuelekea Suonenjoki, ambazo zinaisha na msimu na wewe unarudi. Maombi ya kibali unajaza kwenye mtandao kwenye huduma inaitwa Enter Finland, wanaoamua ni Migri, ofisi ya uhamiaji, na unatakiwa uombe ukiwa bado nje ya nchi kisha uende mwenyewe kuthibitisha kuwa wewe ndo wewe. Usije na viza ya kutembea ukitegemea "nitajipanga hukohuko".

Kwa kazi, kima cha mshahara kwenye kibali cha mfanyakazi kuanzia Novemba 2024 kisipungue euro 1,600 kwa mwezi kabla ya makato, na mkataba wa sekta yako ukitaka zaidi basi ni hiyo zaidi. Halafu tangu Juni 2025 kuna sheria ya kwamba ukipoteza kazi una miezi mitatu kupata nyingine, baadhi ya watu kama wataalamu na waliokaa muda mrefu wana sita, ukishindwa kibali kinaweza kufutwa. Fikiria hilo kwenye mji wa waajiri wachache. Kazi zilizopo huku vijijini kusema ukweli ni kutunza wazee, kwa sababu vijana wamehamia Helsinki na waliobaki ni bibi na babu. Wengi wetu tumepita njia ya lähihoitaja, uuguzi wa ngazi ya chini, unasoma huku unafanya kazi, lakini ni KIFINI. Bibi wa miaka tisini aliyesahau hata jina la mwanae hawezi kukuambia maumivu yake kwa Kiingereza.

Kwa masomo, Joensuu na Kuopio kuna chuo kikuu cha Mashariki ya Finland, Lappeenranta kuna LUT, vyuo vya ufundi viko Mikkeli, Savonlinna na Kuopio. Asiyetoka Ulaya analipa ada kwenye kozi za Kiingereza tangu 2017, na Migri wanataka kuona una euro 800 za kila mwezi za kujikimu, yaani 9,600 kwa mwaka mezani. Unaruhusiwa kufanya kazi wastani wa saa 30 kwa wiki, ruhusa ni kitu kimoja na kuipata hiyo kazi kwenye mji mdogo bila lugha ni kitu kingine, wapo wadogo zetu waliokuja na hela ya miezi mitatu wakiamini hiyo ya nne itatoka kwenye kufagia. Usifanye hivyo.

Ukikutana na wakala anayekuambia lipa milioni kadhaa ya "kuhifadhiwa nafasi ya kazi", huyo ni mwizi. Mimi mwenyewe nililiwa laki nane na ofisi moja kabla sijajua kwamba fomu yenyewe mtu anajaza peke yake kitandani.

Hatua ya sita: wiki za kwanza, karatasi kwa mpangilio

Hapa mpangilio ndo kila kitu maana kila ofisi inataka karatasi ya ofisi nyingine. Anza DVV, ofisi ya idadi ya watu, wakuandikishe makazi na kama kibali hakikuja na henkilötunnus, namba ya utambulisho, wakupe. Bila hiyo namba wewe ni mzimu. Halafu vero, ofisi ya kodi, wakupe kadi ya kodi uipeleke kazini, usipoipeleka mwajiri anakukata asilimia 60, sio utani, mshahara wangu wa kwanza nilidhani wamekosea nukta. Halafu benki. Benki ndo inachosha, wanaweza kukupangia miadi baada ya wiki kadhaa na wakakataa kukupa pankkitunnukset, zile namba za siri ambazo huku zinafungua kila kitu, hospitali, Kela, shule ya mtoto, mpaka kupokea mzigo. Wasumbue kwa adabu. Kela ni bima ya jamii, unaomba uingizwe ukiwa na mkataba wa kazi. Ukihama nyumba taarifa itolewe ndani ya wiki moja.

Namba za kuweka kwenye simu: 112 kwa dharura yoyote, 116 117 kwa ugonjwa usio wa kufa leo, unapiga kwanza kabla ya kwenda kituoni.

Hatua ya saba: nyumba

Utaona matangazo ya fleti Savonlinna au kijijini zinauzwa bei ya gari kuukuu la kutoka Japani, na utanitumia ukiniuliza "hii ni kweli?" Ni kweli. Na ina sababu. Uliza hoitovastike, ada ya kila mwezi ya jengo, halafu uliza mabomba yalibadilishwa lini, maana jengo la miaka ya 1970 likifikia kubadilisha mabomba kila mwenye fleti anagawiwa deni linaloweza kuzidi bei ya fleti yenyewe, na siku ukitaka kuuza hakuna mnunuzi na benki haikopeshi. Ndo maana ni rahisi.

Na kama ndoto yako ni kijumba chenye kiwanja kando ya ziwa, raia wa nje ya Ulaya anahitaji kibali cha Wizara ya Ulinzi kununua ardhi, tangu 2020. Unaweza kuomba kabla ya kununua au ndani ya miezi miwili baada ya kununua, omba kabla, ya nini kujitafutia presha. Fleti ya hisa, yaani unanunua hisa za jengo na sio ardhi, haihusiki na hicho kibali.

Mwaka wa kwanza panga. Dipoziti kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu. Na swali la kwanza kabla hata ya kuuliza kodi ni bei gani, uliza INAPASHWA JOTO NA NINI. Ukijibiwa kaukolämpö, joto la mabomba kutoka kwenye mtambo wa mji, na limo ndani ya kodi, lala usingizi. Kuni sawa kama una mgongo na muda. Maalämpö, joto la ardhini, nzuri sana. Wakikuambia suora sähkö, umeme mtupu, kaa chini upige hesabu. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa nzuri, nyekundu, ina veranda inayoangalia maji, mwenye nyumba mkarimu, kodi kidogo, kila kitu nilipiga picha nikatuma nyumbani, joto lilikuwa la umeme nami sikujua kuna swali la kuuliza. Bili ya Januari ilinifanya nilale na koti jikoni wiki tatu, nikafunga vyumba vingine vyote.

Hatua ya nane: baridi, gari na barafu

Nguo usinunue Dar wala Nairobi, nunua huku, na sio mpya, nenda kirpputori, masoko ya mitumba, mitumba ya huku ndo ile tunayoisubiri kule lakini grade A halisi. Nguo ya ndani ya sufu, koti, suruali ya juu isiyopitisha upepo, mabuti yazidi saizi moja ili soksi mbili ziingie. Na heijastin, kile kidude kinachong'aa cha kuning'iniza kwenye koti, kisheria mtembea kwa miguu gizani anatakiwa awe nacho. Ni cha euro mbili tatu.

Bila gari kijijini hauishi, unasubiri. Uliza mapema kuhusu leseni yako inatumika muda gani, matairi ya baridi ni lazima kati ya Novemba na Machi hali ya barabara ikidai, na usiku kabla ya baridi kali gari linachomekwa kwenye umeme kama simu, kila maegesho yana vinguzo vya soketi. Jioni za vuli hirvi anaweza kukatiza barabara, mnyama mkubwa mwenye miguu mirefu, ukimgonga anakuja kukaa kitini na wewe. Mwendo wa pole. Feri za manjano zinazovusha magari kwenye barabara za visiwani ni bure, ni sehemu ya barabara, usitafute pa kulipia kama nilivyofanya mimi.

Barafu sasa. Ziwa likiganda watu wanatembea juu, wanavua, wanateleza, watoto wanakatiza kwenda kwa bibi. Kanuni ya huku ni angalau sentimita 5 za barafu ngumu safi kwa mtu mmoja kutembea, ya mwezi wa nne iliyolainika hata iwe nene haina dhamana. Penye mkondo hapagandi vizuri, mfano pale ngomeni Savonlinna maji yanatiririka wazi hata Januari, kwa hiyo barafu nene upande huu haina maana upande ule ni nene. Ning'iniza shingoni naskalit, vile vishikio viwili vyenye ncha ya chuma, ukizama unavichoma kwenye ukingo wa barafu unajivuta, mikono mitupu inateleza tu. Usiende peke yako, na kama wazee wa kijiji hawajaanza kwenda wewe unatangulia nini?

Lugha na majirani

Kifini anza kusoma ukiwa bado nyumbani. Kina kitu kimoja kinachotufaa sisi, kinasomwa kama kilivyoandikwa, na maneno yanabandikwa viambishi kama yetu tu ingawa kwao vinakaa mkiani, taloissani, "katika nyumba zangu", sisi tunaelewa mantiki hiyo haraka kuliko Mwingereza. Kansalaisopisto, vyuo vya watu wazima, wana kozi za jioni za bei ndogo, maktaba ni bure. Uraia siku hizi unahitaji miaka minane ya kukaa kwa watu wengi, na mtihani wa lugha wa YKI ngazi ya tatu, kwa hiyo lugha hutaikwepa.

Ila jiandae, kitabuni ni Kifini na huku ni Kisavo, lahaja ya watu wa eneo hili. Watu wa Savo wana msemo wao wenyewe kwamba Msavo akifungua mdomo, jukumu linahamia kwa msikilizaji. Nilimuuliza fundi atakuja Alhamisi? Akajibu suattaapi olla, yaani "huenda ikawa". Alikuja Jumanne nyingine na keki.

Unga wa ugali, Helsinki maduka ya Hakaniemi, beba kilo kumi kwenye treni. Ukiishiwa tumia mannasuurimo, semolina ya ngano, inasonga vizuri, rangi tu ndo inadanganya.

Majirani hawaji kukukaribisha, usinune. Wewe ndo unaenda, unagonga, unasema jina lako na nyumba unayokaa, kahawa itatoka. Mzee wa jirani yangu mwaka mzima wa kwanza alinipungia mkono tu kutoka kwenye trekta. Januari ya pili, siku baada ya theluji kubwa, nimefungua mlango niende shifti ya asubuhi, njia yangu yote mpaka barabarani imeshalimwa na trekta, na kwenye ngazi kuna mfuko wa plastiki una muikku wameganda kama vijiti, kilo mbili hivi, hakuna karatasi hakuna nini. Niliwakaanga jioni na pilipili, nikampelekea nusu kwenye sahani. Alikula mmoja akapiga chafya, akaenda kuleta maziwa, akala waliobaki wote.